Korongo wa Magobei wa Kwanza

Kumamoto, 18 Septemba 1978

Yohei, kichwa ngumu,

Kasha lako limefika salama. Yule mama wa posta kaniuliza kama ni lile lile la kila mwaka, lenye tsuba, kile kisahani cha kukinga mkono kwenye upanga. Nikamwambia ndilo lile lile, na jibu nitakalolirudisha nalo ni lile lile pia.

Hapana, bwana. Tsuba yako si ya Magobei wa kwanza. Ni chuma cha hapa kwetu Kumamoto, Higo ya zamani, ni kazi ya ukoo wa Magobei, mpaka hapo tuko pamoja. Lakini aliyeichonga ni mjukuu, Magobei wa tatu. Mtazame huyo korongo wako alivyokunja mbawa kuzunguka tundu la upanga. Mistari ya manyoya imelingana yote kama meno ya kitana. Babu mtu hakuwa na subira hiyo. Patasi yake inaingia kwa nguvu kisha inafifia, utadhani kuna mtu kamwita katikati ya kazi. Halafu rangi! Chuma cha babu ni cheusi chenye uzambarau, kina unyevunyevu, kama halua ya maharage iliyokatwa sasa hivi. Chako ni kizuri, ila kimekauka.

Ukitaka, nitaandika juu ya mfuniko "Higo, Magobei wa tatu" na mhuri wangu nitagonga. Hutaki. Haya, mfuniko unarudi mtupu.

Nimechoka, Yohei, wala si kwa ajili yako. Tangu joto lianze kupungua watu wamejaa barazani kwangu na makasha yao. Kila mmoja anataka jina kubwa, na nikimwambia dogo ananitazama kama mwizi. Hakuna anayeuliza kwa nini. Wewe angalau unauliza, ingawa husikii jibu.

Mkeo Mitsue aliniandikia kwamba umelazwa, kidonda cha tumbo. Pole sana. Si nilikwambia upunguze hiyo pombe ya sake? Sasa kunywa uji na unyamaze.

Ushijima Genpachi


Sakata, 9 Oktoba 1978

Mwalimu Ushijima,

Nisamehe mwandiko. Naandika nimesimama kwenye dirisha la ukumbi wa hospitali, kwa sababu Yohei akiniona na kalamu ataniuliza namwandikia nani.

Si kidonda. Daktari aliniita mimi na mdogo wake Yohei kwenye chumba cha pembeni, akafunga mlango ndipo akatuambia. Ni saratani, na imeshasambaa. Walimpasua, wakatazama, wakamshona tena. Yeye ameambiwa kidonda kimekatwa na atapona taratibu. Ndivyo tulivyokubaliana sote, daktari, wauguzi na ndugu, na hakuna atakayefungua mdomo. Theluji ya mwaka huu ataiona, daktari anasema. Kuyeyuka kwake hataona.

Basi kutwa nacheka, Mwalimu. Namwambia leo una rangi nzuri, leo umekula vizuri kuliko jana. Mashavu yananiuma kwa kucheka. Nikifika nyumbani nakaa pale mlangoni, hata viatu nashindwa kuvua.

Nina ombi. Mwandikie. Mwandikie kwamba ni ya Magobei wa kwanza. Ni neno moja tu la kubadilisha, kwenye "tatu" uweke "kwanza". Mimi vyuma hivyo sivielewi, kwangu vyote ni visahani. Ila najua kwamba kila jioni analifungua lile kasha, anaupapasa mfuniko mtupu, kisha analifunga. Katika ndoa yetu yote sijamwona akikitaka kitu kingine hivyo. Mpe aondoke nacho.

Tafadhali nijibu kwa anwani ya shemeji yangu, si ya hospitali.

Togashi Mitsue


Kumamoto, 16 Oktoba 1978

Shemeji Mitsue,

Barua yako niliisoma barazani, na watu walikuwa wananisubiri ndani na makasha yao. Nikawaambia warudi siku nyingine. Wamekasirika, shauri yao.

Sijui niseme nini kuhusu Yohei. Mtu niliyegombana naye tangu tukiwa vijana wa kulala chini kwenye nyumba ya mwalimu wetu, tukipewa vyuma kwenye mwanga wa mshumaa na kuambiwa taja mkono uliovitengeneza. Yeye alikuwa anataja kabla sijafikicha macho. Nusu alikosea, lakini alikuwa wa kwanza kutaja.

Ombi lako siliwezi. Usidhani ni ukaidi. Mfuniko wa kasha unaishi kuliko sisi. Siku moja mimi na wewe hatutakuwepo, na mtu tusiyemjua atalifungua, atasoma maandishi yangu na kuamini. Atajifunza kwa tsuba hiyo mkono wa babu ulivyokuwa, na atajifunza uongo. Aliwahi kuja hapa mjane mmoja na kasha lililoandikwa na mtu aliyetaka kumfurahisha marehemu mumewe. Mimi ndiye niliyelazimika kumwambia. Alilia hapa hapa barazani, nikaapa kwamba mkono wangu hautamliza mtu hivyo.

Niombe kingine chochote. Niambie nije, nitapanda treni kesho, ingawa miguu hii hainitaki. Lakini nikija ghafla namna hiyo, yeye si mjinga.

Kula na wewe. Na viatu uvue.

Ushijima


Sakata, 2 Novemba 1978

Genpachi, mzee wa hapana,

Nimerudi nyumbani! Hospitali wamenichoka. Kidonda wamekikata, kilichobaki ni kunenepa, na hapo ndipo pagumu, maana kila ninachokula kinagoma. Jana Mitsue alipika mchuzi wa magimbi wa huku kwetu, nikanusa tu. Nikipona, wa kwanza kuja kumsumbua ni wewe. Maua ya mcheri yakichanua nitakuwa hapo Kumamoto, unilishe ile mizizi ya yungiyungi mnayoijaza haradali mpaka mtu anatokwa machozi. Usimwambie daktari.

Sasa sikiliza. Utashangaa kasha limerudi tena mwaka huu huu, si kawaida yetu. Lakini mgonjwa ana muda wa kutazama. Nimelala na hii tsuba tumboni wiki nzima, naisugua kwa kitambaa cha pamba, naigeuza. Mitsue ananiambia nitapata baridi ya chuma. Na nimeona kitu ambacho wewe na miwani yako hamjakiona.

Chini ya shingo ya korongo, ule upande wa ndani. Uweke mwanga wa asubuhi utokee kushoto. Pale pana unyoya mmoja, patasi imeingia kwa nguvu, halafu inafifia. INAFIFIA, Genpachi. Utaniambia mjukuu aliitwa na nani?

Babu alizeeka, ndiyo maoni yangu. Alikuwa mzee mwenye subira ya kulazimishwa, mkono umetulia, kila unyoya umelingana na mwenzake, ila pale pa kujificha akajisahau akawa kijana. Wewe na mimi ni wazee sasa. Hujawahi kujisahau?

Tazama vizuri safari hii. Usitazame ukiwa umeshika jibu mkononi.

Yohei


Sakata, 12 Novemba 1978

Shemeji,

Leo sikuiti mwalimu. Naongea na rafiki wa mume wangu.

Uliniambia kuhusu mtu tusiyemjua atakayefungua kasha siku moja. Mimi simjui na sina habari naye. Ninayemjua amelala chumba cha pili, na amekuwa mwepesi kiasi kwamba namgeuza peke yangu. Juzi alimwita mtu wa posta dirishani kumuuliza kama limerudi. Akaniambia, "Safari hii nimemshika, Mitsue. Hana pa kutokea." Akacheka, na kucheka kukamuumiza.

Watu wote wanaompenda wanamdanganya. Mimi namdanganya asubuhi mpaka usiku. Mdogo wake anamdanganya, daktari anamdanganya na koti lake jeupe. Ni wewe tu uliyekaa huko Kumamoto na mikono safi. Ukweli wako unamsaidia nani?

Nimechoka, Shemeji. Nibebee na wewe kidogo.

Mitsue


Kumamoto, 24 Novemba 1978

Mpendwa Togashi Yohei,

Natumaini afya yako inazidi kuimarika na kwamba baridi ya huko haijawa kali.

Nimeitazama tsuba yako kwa makini kwenye mwanga wa asubuhi kama ulivyoelekeza. Unyoya ulioutaja chini ya shingo nimeuona. Ni kweli unafifia, na baada ya kufikiri kwa muda mrefu nimeridhika kwamba hoja yako ni sahihi. Hii ni kazi ya Magobei wa kwanza, ya miaka yake ya uzeeni. Umepata. Nakupongeza kwa jicho lako na kwa uvumilivu wako wa miaka mingi.

Nimeandika juu ya mfuniko na kugonga mhuri. Ni heshima kubwa kwangu kuwa nimeshirikishwa katika jambo hili. Karibu sana Kumamoto maua yatakapochanua.

Rafiki yako wa daima,
Ushijima Genpachi


Kumamoto, 24 Novemba 1978

Shemeji,

Nimeandika. Wino ulikauka haraka kuliko nilivyotaka. Usinishukuru.

G.


Sakata, 4 Desemba 1978

Shemeji,

Sijui nianze wapi. Kasha lilifika jana, theluji ya kwanza ikianguka. Nilimwinua, nikamwekea mito mgongoni, nikamvalisha miwani. Mdogo wake alikuwepo. Nilikuwa nimechemsha sake kidogo, tone tu, tusherehekee.

Akasoma barua yako. Halafu akafungua kitambaa, akasoma mfuniko. Akaushika muda mrefu. Mimi nikaanza, "Si ulisema! Si ulisema umemshika!" Nikapiga makofi, Shemeji. Nilipiga makofi kama mtu kichaa.

Akavua miwani. Akaniuliza polepole, bila hasira yoyote, "Mitsue, daktari alikwambia nini?"

Nikasema, kidonda. Akasema, "Huyu mzee hajawahi kunikubalia hata siku moja. Leo kanikubalia, tena kwa heshima, kanipongeza. Ananizika. Daktari alikwambia nini?"

Mdogo wake akainuka akatoka nje kwenye theluji bila koti. Mimi nikamwambia. Yote, pamoja na kile chumba cha pembeni. Nilidhani atanipiga au atalia. Akasema, "Kumbe ndiyo maana hukunigombeza kuhusu sigara." Halafu akanivuta mkono nikalala pembeni yake na aproni yangu, na nikalala usingizi. Mimi ndiye niliyelala, yeye ndiye aliyekuwa macho.

Nilitaka kukuchukia leo asubuhi. Nimeshindwa, sina nguvu. Na sicheki tena, mashavu yamepumzika. Ila macho yake, Shemeji. Alikuwa anapanga safari ya huko kwako.

Mitsue


Sakata, 10 Desemba 1978

Genpachi,

Naandika nimelala chali, kwa hiyo soma polepole.

Barua nzima hukunitukana hata mara moja. "Mpendwa Togashi Yohei." "Heshima kubwa kwangu." Nilipofika hapo nilijipapasa nione kama bado nina mapigo ya moyo.

Nina hasira na wewe kuliko na saratani. Saratani sikuwahi kula nayo wala kulala nayo chini sakafuni. Ulidhani nilikuwa naomba jina? Ningetaka jina ningempelekea mtu mwingine, wapo wanaoandika chochote unachowaambia, na unawajua. Kila mwaka nilikuletea wewe kwa sababu wewe ulikuwa huamini. Nilitaka nikushinde, mshenzi wewe. Nilitaka uketi hapo barazani kwako, uitazame, usugue macho, useme Yohei alikuwa sahihi na iniume. Hicho ndicho nilichotaka. Wewe ukanionea huruma ukaninyang'anya.

Na sasa sitajua. Ule unyoya ulipoutazama kwenye mwanga wa asubuhi, uliona nini? Uliutazama kweli? Au ulishaamua kudanganya, hukuona haja ya kutazama? Hili ndilo linaloninyima usingizi. Kifo nimeshakizoea kidogo, nimekifikiria siku hizi chache na naona kila mtu kakiweza.

Mitsue aliupeleka mfuniko kwa fundi wa makabati, akaupiga randa. Maandishi yako yameondoka, mbao imekuwa nyembamba lakini ni safi. Kasha na tsuba vinakuja na barua hii. Tazama. Kisha andika unachoamini wewe, chochote, na unipe sababu kama zamani. Fanya haraka, sina mwaka wa kukusubiri.

Bado nasema ni ya babu.

Yohei

(Usimlaumu Mitsue. Nimemkuta na mvi ambazo mwezi wa tisa hakuwa nazo.)


Kumamoto, 20 Desemba 1978

Yohei, mbishi usiye na dawa,

Maisha yangu yote nimeandika uongo mmoja, na hata huo nimeuandika vibaya. Nilikaa siku nzima kutafuta maneno mazuri. Ningekutukana kidogo usingejua.

Sikuutazama. Umenijua vizuri. Nilifungua kasha, nikachukua brashi, nikaandika huku nikitazama ukuta. Nilipokugongea mhuri nilihisi nimekufunika shuka usoni. Basi, nimeshasema, tuendelee na kazi.

Safari hii nimetazama. Asubuhi tatu mfululizo, mwanga kutoka kushoto, kama bwana mkubwa alivyoamuru. Jicho langu la kulia limekufa nusu kwa hiyo nimetumia la kushoto, na nikamwita binti wa jirani anishikie kioo. Unyoya wako upo. Unafifia. Nakiri, kwa muda fulani asubuhi ya kwanza nilikuwa nimeshindwa, nikafurahi, nikakasirika.

Lakini ni kutu, Yohei. Kutu ya zamani imekula ncha ya mstari, halafu mtu kaisugua ikalainika. Pitisha ukucha. Patasi ikififia, mtaro wake unapungua kina kidogo kidogo na sakafu yake ni laini. Huu wako una kina kile kile mpaka mwisho, ila mwisho umetafunika. Na kuta za ndani za matundu yaliyotobolewa kati ya mbawa zimenyooka wima, ilhali babu alizilaza kidogo. Kuhusu hilo la babu kuzeeka akapata subira, ni hadithi nzuri, tatizo lake ni kwamba ulitaka iwe kweli.

Hapana. Ni ya Magobei wa tatu. Nimeandika hivyo na nimegonga mhuri, na kama hukubali, kapige randa tena mpaka kasha liishe.

Ni tsuba nzuri. Nimekwambia hilo? Sidhani kama nimewahi kukwambia. Katika zote za mjukuu nilizoshika hii ndiyo bora, na ningeipenda hata isingekuwa na jina. Sijui kwa nini sikukwambia, nilikuwa nimeshughulika kukushinda.

Nitakuja mwezi wa kwanza, miguu ipende isipende. Nisubiri nikutukane ana kwa ana.

Genpachi


Sakata, 11 Januari 1979

Shemeji Ushijima,

Simu uliipata, kwa hiyo unajua. Usije sasa. Reli imefungwa kwa theluji, na wewe na miguu yako utakwama njiani, Niigata, nianze kukuhangaikia na wewe. Njoo kukitulia.

Nataka nikwambie jinsi ilivyokuwa, maana kwenye simu sikuweza.

Kasha lilifika tarehe ishirini na sita. Alikuwa hainuki tena. Nilimsomea barua yako kwa sauti, na kila ulipomtukana alifumba macho na kutabasamu. Nilipofika kwenye kutu, akafumbua. "Rudia hapo." Nikarudia. "Rudia." Nikamwekea tsuba mkononi na akapitisha ukucha chini ya shingo, huku na huku, mpaka nikaogopa kidole kitamtoka damu.

Kisha akapandwa na hasira. Shemeji, sikuwa nimemwona hivyo tangu alipolazwa. Mashavu yaliingia rangi! Akasema kutu gani inayokula upande mmoja tu, huyu mzee kipofu, ana jicho moja na hilo analitumia vibaya, kamwite binti wa jirani ndiye ajibu. Akaomba uji. Alimaliza nusu bakuli akiwa anabishana nawe, na mimi nikawa namlisha na kumwitikia, ndiyo, ndiyo, kweli kabisa, bila kuelewa neno. Sikuwa namdanganya, nilikuwa nimefurahi tu.

Ile sehemu ya mwisho, kwamba ni tsuba nzuri, aliniomba nisiisome tena. Alisema ataisoma mwenyewe. Barua yako aliiweka chini ya mto.

Siku za mwaka mpya zilipita kimya. Alilamba mchuzi wa mochi, mikate ya mchele yenyewe hakuweza kuitafuna. Jioni moja akaniambia niandike. Nikachukua karatasi. Akasema, "Mwandikie kwamba amekosea." Nikasubiri sababu, maana nyinyi siku zote mna sababu. Akasema sababu atanipa asubuhi, ni ndefu. Nikafunika kalamu. Nilikuwa nimechoka, nikasema sawa, tutaandika asubuhi.

Asubuhi hakuamka.

Nimeitafuta hiyo sababu, Shemeji. Nimeshika tsuba nikapitisha ukucha pale chini ya shingo kama alivyofanya, na mimi sisikii chochote, nasikia chuma. Kwa hiyo nakuandikia kile nilichopewa, na kilichobaki sina.

Umekosea.

Kwa niaba ya Togashi Yohei,
Mitsue